Inhela Ndani ya Soksi

Nilichaguliwa kuwa mhudumu wa afya wa mtaa katika baraza la chifu, hapa Kiganjo, mtaa wa Thika, kwa sababu mbili tu: nilikuwa najua kujaza fomu, na nilikuwa na nyumba yangu mwenyewe, sihamihami. Wengine waliotajwa siku hiyo walikuwa wapangaji, na mpangaji leo yuko, mwezi ujao hayuko. Nikapewa begi la mgongoni, kitabu cha kuandikia nyumba zangu na fulana yenye maandishi. Kazi yenyewe ni kutembea. Unabisha, unasalimu, unauliza kama mtoto amechanjwa, kama choo kiko, kama mwenye kikohozi amepimwa. Watu huniita daktari, wengine kwa heshima na wengine kwa utani, nami nimeacha kuwasahihisha.

Habari ninayoandika hapa ni ya msichana mmoja wa miaka tisa, nyanyake na mamake. Ilianza wakati muuguzi wa wodi ya watoto, hospitalini Thika, alipozoea kunipigia simu kila mara mtoto wa pumu wa upande wetu aliporuhusiwa kwenda nyumbani. Alikuwa amechoka kuwaona wakirudi.

"Tunawatibu, wanapata nafuu, wanaenda," aliniambia. "Wiki tatu, hao tena. Huku kwetu hawashikwi na pumu. Ni huko kwenu. Nenda uangalie ni nini."

Alinipa watoto wanne. Wawili sikusumbuka nao sana; wazazi wao walisikia, wakafanya, na watoto hawakurudi wodini. Wa tatu nilifika nikakuta chumba kimefungwa kwa kufuli jipya, na majirani hawakujua familia imehamia wapi. Nilimtafuta mwezi mzima na sikumpata. Wa nne ndiye huyu msichana.

Aliishi na nyanyake katika chumba cha mabati mwisho wa ploti, ua wa vyumba vya kupanga. Nyanyake, ambaye mtaa mzima tulimwita cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu, aliuza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kando ya barabara kuanzia saa tano mchana. Ili githeri iive saa tano, moto uliwashwa alfajiri. Mawe yake matatu yalikuwa ndani, karibu na mlango, kwa kuwa mwenye ploti alikataza moshi uani. Ulikuwa ukichafua nguo za wapangaji zilizoanikwa. Siku ya kwanza niliyoingia, macho yalinitoka machozi kabla sijasalimu. Cucu aliniwekea kiti, akanipa chai ya maziwa, na msichana akaketi kitandani akiniangalia kama mtu anayesubiri kuona nitakosea wapi.

"Dawa ziko?" niliuliza.

"Ziko," cucu akasema. Aliinua pembe ya godoro akatoa leso iliyofungwa fundo. Ndani mlikuwa na inhela mbili, ile pampu ndogo ya kuvuta dawa. Moja ilikuwa ya bluu, imechakaa, plastiki yake imekwaruzwa. Nyingine ilikuwa ya kahawia, na haikuwa imetolewa hata kwenye boksi lake.

"Hii ya bluu nampatia akishikwa," akasema. "Hii ingine naiweka."

"Unaiweka ya nini, cucu?"

"Ya siku mbaya. Kule hospitali walisema hii ndiyo ya kuzuia. Sasa nikiimaliza mtoto akiwa mzima, siku akishikwa vibaya nitamzuia na nini?"

Alikuwa amefikiri vizuri kabisa, ila alikuwa amefikiri kutoka kwa neno moja lililosemwa mbiombio siku ya kutoka wodini, mtoto akiwa na mfuko mkononi na kitanda tayari kina mgonjwa mwingine. Nikamweleza kwamba ya kahawia ni kama kupaka ukuta lami kabla ya mvua. Ukingoja mvua ianze umechelewa. Inavutwa kila siku asubuhi na jioni, hata mtoto akiwa anarukaruka, kisha anasukutua mdomo na kutema. Ya bluu ndiyo ya kushikwa. Alinisikiliza, akageuza lile boksi mara mbili.

"Haiya," akasema polepole. "Kumbe nimekuwa nikiweka dawa ilale."

Kisha nikamwomba msichana anionyeshe vile huvuta ya bluu. Akaiweka mdomoni, akabonyeza, na nusu ya dawa ikatoka puani na kwenye pembe za midomo kama mvuke wa sufuria. Hospitalini walikuwa na chombo cha plastiki cha kukusanya dawa ili mtoto aivute taratibu, lakini chombo kilibaki hospitalini. Muuguzi alikuwa amenifundisha kutengeneza changu. Nilitoa kwenye begi chupa ya maji ya nusu lita, nikapasha waya kwenye moto wa cucu, nikatoboa kitako cha chupa tundu la umbo la mdomo wa inhela, nikaizungushia utepe wa gundi mpaka hewa isipite. Mtoto anafunga midomo kwenye mdomo wa chupa, dawa inapulizwa mara moja kutoka upande ule mwingine, naye anapumua mara kadhaa bila haraka.

"Ngapi?" msichana akauliza. Hilo ndilo neno lake la kwanza kwangu.

"Tano ama sita, polepole. Unajua kuhesabu?"

Cucu akacheka. "Huyu? Wenzake wakicheza kati, yeye ndiye anawahesabia."

Kati ni mchezo wa mpira wa wasichana. Wawili wanarusha, wa katikati anakwepa. Kwa kuwa mbio zilimkata pumzi, walimpa kazi ya kuhesabu alama, na aliifanya kwa ukali, hakuna aliyeweza kumwibia hata alama moja. Alivuta dawa kwenye chupa akinyoosha vidole kimoja kimoja. Aliponyoosha cha sita, akatoa chupa mdomoni, akaniambia, "Hii sasa imeingia."

Ningekuwa na busara ningeondoka hapo. Lakini nilikuwa nimefunzwa mambo ya moshi, na moshi ulikuwa mbele yangu. Ziara ya tatu nikayasema yote kwa mpigo: kwamba dawa haiwezi kushindana na kuni, kwamba kila asubuhi anamrudisha mtoto nyuma, kwamba moshi huo ndio utamuua.

Cucu alikuwa akichambua maharagwe. Hakuinua macho.

"Daktari," akasema, "huyu mtoto anakula nini? Anakula huo moshi. Yunifomu yake ni huo moshi. Hata hiyo chai umekunywa juzi ilikuwa huo moshi. Ukishazima moto wangu, utakuja kuwasha wako hapa?"

"Basi ni wewe uchague," nikasema.

Nilijua neno ni baya likiwa bado mdomoni. Cucu akasimama, akaufungua mlango ambao tayari ulikuwa wazi, akaufungua zaidi mpaka ukagonga mabati. "Thiĩ na thayũ," akaniambia, niende na amani, na hapakuwa na amani yoyote kwenye sauti yake.

Nikaenda. Na kwa kiburi changu sikurudi wiki nne. Nilikuwa na nyumba nyingine nyingi za kutembelea, nikajiambia. Mwenye kuhitaji ataniita. Aliyeniita alikuwa muuguzi. "Mtoto wako amerudi," akasema, akakata simu, maana alikuwa na kazi.

Nilimkuta cucu kwenye benchi nje ya wodi, kitambaa kichwani, viatu vyake vya kanisani miguuni. Hakunisalimu, lakini alisogea kidogo nikapata pa kukaa. Tulikaa tukitazama mwanamke akipiga deki sakafu.

"Cucu, nilikosea," nikasema mwishowe. "Kukuambia uchague. Hilo halikuwa neno la kuambia mtu."

Alivuta viatu vyake nyuma ili yule wa deki apite. "Chupa yako inafanya kazi," akasema. "Tukiwa njiani alikuwa anahesabu mwenyewe. Mimi nilikuwa nimesahau hata namba."

Hakusema amenisamehe, wala sikungoja aseme. Tukaanza kuzungumza juu ya moto kama watu wawili wanaotafuta pa kuuhamishia.

Mahali palikuwepo, hatua arobaini kutoka mlango wake. Jirani wa ploti ya pili alikuwa na kibanda nyuma ya nyumba, mabati juu na pande tatu wazi, ambamo alikaanga mandazi na mahamri kabla jua halijatoka. Alikuwa mama wa makamo kutoka familia za Waislamu wa zamani hapa Thika, wale ambao babu zao walitoka kila upande wakaja kufanya biashara na vibarua, wakaoana na kubaki. Kiswahili chake kilinyooka kuliko chetu sisi sote. Moto wake ulikuwa unazimika saa moja asubuhi, na kibanda kikikaa bure siku nzima. Tatizo ni kwamba yeye na cucu hawakuwa wakisemezana. Zamani cucu alimwaga maji ya maharagwe kwenye mtaro, mtaro ukajaa, maji yakaingia mlangoni kwa mama mandazi siku aliyokuwa na wageni wa Idi.

Nikaenda kumwona mimi kwanza.

"Mimi sina ugomvi naye," akasema. "Yeye ndiye ana ugomvi nami."

"Na yeye anasema hivyohivyo."

Akacheka, akafuta unga mikononi. "Mwambie aje mwenyewe. Mimi siombwi kwa mjumbe."

Ilichukua siku tano cucu kukubali. Alikuja akiwa amemshika mjukuu wake mkono, nami nikiwa nyuma kama mshenga asiye na cha kusema.

"Hodi hapa," cucu akaita.

"Karibu, dada."

"Nimekuja kuomba mahali pa sufuria. Huyu mtoto moshi unamkataa."

Mama mandazi alimtazama msichana kuanzia kichwa hadi viatu. Kisha akamgeukia cucu. "Hiyo sufuria yako, dada, haijapikiwa nguruwe?"

"Nguruwe nitatoa wapi mimi?" cucu akasema. "Hata kuku namwona kwa Krismasi."

Wakacheka wote wawili, na mimi nikacheka kwa sababu nilikuwa nimeshikilia pumzi. Wakapatana: mandazi yakitoka, githeri inaingia, cucu anamwaga maji yake shimoni wala si mtaroni, kuni wanatafuta pamoja. Mwezi wa kwanza walilalamikiana kwangu kila mmoja kivyake. Baadaye wakaacha kunihitaji. Siku moja nilipita nikawakuta wameketi kwenye vigoda, wananisema mimi, na hawakunyamaza nilipotokea.

Msichana alipita msimu wa mvua ndefu bila kurudi wodini. Akapita na baridi ya Julai, ile ya kuamka na ukungu hadi saa nne, ambayo muuguzi alikuwa ameniambia ndiyo mtihani. Alikohoa, alishikwa mara mbili, akavuta ya bluu kwenye chupa, akatulia. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Mwaka uliofuata, shule zilipofunguliwa, cucu alinisimamisha barabarani. "Mamake amekuja akamchukua," akasema.

Mama wa msichana alikuwa kijana bado. Alikuwa amefanya kazi za nyumba za watu huko Ruiru kwa miaka, sasa alikuwa amepata kazi ya jikoni katika hoteli ndogo na chumba chake mwenyewe hukohuko, mtaa wa Gatong'ora. Akataka mtoto wake. Ni haki yake, na cucu alisema hivyo pia, ingawa alisema akiangalia kando.

"Amebeba dawa?"

"Zote mbili, na chupa. Lakini mamake ameniambia nisiongee. Shule ya kwanza alimpeleka, akataja pumu, wakamwambia nafasi zimejaa. Ile ya pili hakutaja. Wakampokea hiyo siku."

Gatong'ora si eneo langu. Kila mhudumu ana nyumba zake, na mipaka hiyo ina maana. Usipoiheshimu utaingilia kazi ya mwenzako. Hata hivyo Jumamosi moja nilienda. Nilimkuta mama mlangoni akifua. Alinisikiliza akiwa amesimama, povu likimtiririka viwikoni.

"Wewe si ni wa Kiganjo?" akauliza. "Huku kuna wenu."

"Ni kweli. Nimepita tu kumsalimia mtoto."

"Mtoto yuko sawa."

"Shuleni wanajua?"

"Shuleni wanajua anajua hesabu," akasema, akarudi kwenye karai.

Hakunialika ndani. Lakini nilipogeuka kuondoka aliniita. "Hiyo ya kahawia ikiisha, wanapeana wapi huku?" Nikamwandikia kwenye karatasi jina la kituo cha afya kilicho karibu, siku ya kliniki ya watoto, na chini yake namba yangu. Akaikunja akaiweka ndani ya kifuko cha simu.

Msichana alinisindikiza hadi barabara kubwa. Alikuwa amerefuka. Aliniambia darasani ni wa pili, na yule wa kwanza huandika vizuri tu lakini hesabu hamshindi. Tulipofika kwenye duka la mwisho akainama, akavuta soksi yake chini kidogo. Inhela ya bluu ilikuwa pale, imebanwa kwenye kifundo cha mguu.

"Mama alisema nikishikwa niende choo," akasema. "Mtu asione."

"Na ukishindwa kufika?"

Aliinua mabega. "Bado sijashindwa."

Ningepaswa kurudi pale pale kwa mamake. Au kwenda shuleni Jumatatu. Nilisimama pale dukani nikayafikiria yote mawili, nikaamua siri ni ya mama wala si yangu, na eneo ni la mwenzangu wala si langu. Sababu zote mbili zilikuwa za kweli. Nikarudi Thika. Nimejiuliza baadaye kama niliheshimu siri au niliogopa kuonyeshwa mlango mara ya pili, na sidhani kwamba nataka kujua.

Yaliyofuata niliyasikia kwa mwalimu wa darasa na kwa msichana mwenyewe, na maneno yao yanafanana. Ilikuwa Ijumaa, wiki mbili kabla ya muhula kuisha, siku ya usafi. Watoto walisukuma madawati nje na kufagia madarasa yote kwa pamoja, vumbi la muhula mzima likapanda. Msichana alifagia pamoja na wenzake kwa sababu hakuwa na la kusema ili asifagie. Kifua kikaanza kubana. Akaweka ufagio, akaomba ruhusa, akaenda choo. Alibonyeza inhela, ikatoa hewa tupu, akairudisha kwenye soksi. Ilikuwa imeisha, na haina mahali pa kukuonyesha imebaki kiasi gani. Wala chupa ya kuvutia hakuwa nayo, haikutoshea kwenye soksi.

Nje wasichana walikuwa wanataka kucheza kati na hawakuwa na wa kuhesabu. Mmoja wao akamfuata, akaona viatu vyake chini ya mlango, vimetulia. Akaita. Hakuitikiwa. Akakimbia kwa mwalimu.

Mwalimu alikuwa kijana, mwaka wake wa pili kazini. Aliniambia alipomwona hakujua ni nini. Midomo ilikuwa imebadilika rangi na mabega yalikuwa yanapanda na kushuka bila sauti. Alimbeba hadi langoni, akasimamisha bodaboda, akapanda naye mbele yake. Kule kituo cha afya walimweka kwenye mashine ya mvuke wa dawa. Muuguzi wa zamu alipomvua viatu na soksi, inhela ikaanguka sakafuni.

Mama alipigiwa simu akiwa jikoni hotelini. Kisha yeye akanipigia mimi. Sikuitambua namba, na kwanza sikuielewa sauti.

"Ile karatasi yako niliiweka," akasema. "Kuja. Tafadhali, kuja."

Nilipofika msichana alikuwa ameketi kitandani na barakoa usoni, amechoka, anapumua. Mamake alikuwa amemshika miguu yote miwili kama anayezuia mtu asiteremke. Bado alikuwa na aproni ya kazini. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, suruali imejaa vumbi, inhela ameishika kiganjani.

"Mama," mwalimu akasema, "mbona hukuniambia?"

Mama akamtazama. "Ningekuambia, ungempokea?"

Mwalimu aliigeuza inhela kiganjani kwanza kabla ya kujibu. Ninamheshimu kwa hilo hadi leo. Mwingine angesema ndiyo upesi upesi. "Mimi singemkataa," akasema. "Lakini si mimi huandikisha watoto. Sijui mkubwa wangu angesema nini."

"Basi," mama akasema. Hakulisema kwa hasira.

"Twende tumuulize Jumatatu," mwalimu akasema. "Sisi wote. Jambo hili limemshtua, atasikia."

Jumatatu tukaenda, mama, msichana na mimi, na mwalimu wa darasa akatuingiza ofisini. Nilikuwa nimempigia mhudumu mwenzangu wa Gatong'ora kumwomba ruhusa, naye akaja pia, akanitania kwamba nimehamia kwake bila kulipa kodi ya nyumba. Mwalimu mkuu alikuwa mama mzito wa sauti, karibu kustaafu. Hakutuzungusha.

"Mtoto akianguka shuleni kwangu ni mimi naulizwa," akasema. "Niliwahi kusimama kwenye kaburi la mwanafunzi wangu. Gari ilimgonga hapo nje. Sitaki kusimama tena. Kwa hivyo niambieni, nikimweka hapa nafanya nini?"

Nikampa karatasi ambayo muuguzi wa Thika alikuwa ameniandikia kwa maneno mepesi: dalili, dawa ipi, mara ngapi, wakati gani wa kukimbia hospitali. Akaisoma yote akifuata kwa kidole. Mama akasema nini humshika mtoto: vumbi, moshi, baridi ya asubuhi, kulia sana. Aliyataja kwa sauti ndogo, kama anayekiri makosa, na kadiri alivyotaja ndivyo sauti ilivyopata nguvu.

"Sawa," mwalimu mkuu akasema. "Dawa itakaa kwenye kabati langu, kwa kufuli. Akiihitaji ataletwa."

Tulikuwa tunaelekea kukubali. Msichana ndiye aliyesema.

"Ofisi yako hufungwa ukienda mkutano, mwalimu."

Mamake akamfinya begani. Mwalimu mkuu akavua miwani.

"Mikutano mingapi?" akauliza.

"Muhula huu ni tisa. Jumatano zaidi."

Mwalimu wa darasa akatazama dari. Nikaona tumbo la mwalimu mkuu linatikisika. Alikuwa anacheka kimyakimya. "Huyu akae na dawa yake," akasema. "Kwa begi, si kwa soksi. Na ingine iwe kwa droo ya mwalimu wa darasa, pamoja na hiyo chupa. Droo isiyofungwa."

Kisha akaagiza kwamba kuanzia siku hiyo hakuna darasa litakalofagiwa kabla sakafu haijanyunyizwa maji. Alilitangaza kwenye gwaride la asubuhi, na akaeleza sababu, ingawa hakumtaja mtoto. Kabla ya wiki kuisha, wazazi wengine wawili walifika ofisini kusema kwamba hata wao wana mtoto wa namna hiyo. Mmoja alikuwa amesomesha wake pale miaka mitatu.

Mwenzangu wa Gatong'ora ndiye huwafuatilia sasa. Mimi nilimwonyesha tu namna ya kutoboa chupa, na zake zinakaa vizuri kuliko zangu, kwa kuwa mumewe ni fundi wa mabomba na nyumbani kuna vifaa. Mama hukumbuka siku ya kliniki bila kupigiwa. Alihama chumba cha kwanza, kilichokuwa karibu na karakana ya vitanda na vumbi lake, akachukua kingine kilicho mbali kidogo na kazini, na huamka nusu saa mapema kwa ajili hiyo. Hajawahi kunishukuru kwa maneno. Nikienda huko sasa huniingiza ndani na kunipa chakula kingi kupita kiasi.

Msichana bado ana pumu. Watu huniuliza kama alipona, na huwaambia hapana, haiendi hivyo. Alishikwa mwezi wa saba mwaka jana akalazwa siku mbili. Lakini alifika wodini akiwa na dawa zake, akamwambia muuguzi amevuta mara ngapi na saa ngapi, na akatoka akiwa na tarehe ya kurudi.

Muhula uliopita darasa lao lilipangiwa safari ya kuja Thika kuona maporomoko ya Chania. Shule ilituma fomu nyumbani, na fomu ilikuwa na swali kama mtoto ana ugonjwa wowote. Mama alinipigia kuniuliza jinsi ya kuandika jina la dawa ya kahawia. Nikamtajia herufi moja moja, nikasikia kalamu ikiandika.

Siku ya safari mwalimu wa darasa alinipigia mchana. Nilikaa chini kwanza ndipo nikapokea. Nyuma yake nilisikia maji na watoto wakipiga kelele.

"Tumeshuka hadi chini na tumepanda," akasema. "Yeye amekuwa wa mwisho. Amekaa chini kwa ngazi mara mbili, akavuta dawa mara moja. Wengine wamemngoja."

"Na sasa?"

"Sasa anataka soda, na anasema ngazi za kushuka na za kupanda hazilingani, ati mimi nilihesabu vibaya tukipanda. Anataka turudi tuhesabu tena."

"Usimrudishe," nikasema.

"Nimemwambia atahesabu akija na mamake," mwalimu akajibu, na akakata simu kwenda kuwapanga watoto kwenye basi.